Kadi ya Milio Mitatu

Sura ya Saba

Fundi alikuja na begi la rumande.

Hakuna aliyemwambia alilete. Lilikuwa begi dogo la kamba, na Inspekta alipomwomba alifungue, akakuta sweta, mswaki, shuka moja na chupa ya dawa ya kifua. Fundi aliliweka sakafuni mwa ghala la klabu, karibu na mlango, mahali ambapo askari angelibeba bila kusumbuka. Mikono yake ndiyo iliyoshona sare za nusu ya shule za mji ule.

"Watoto nimewaacha kwa dada yangu," alisema. "Nimemwambia nikichelewa asiwaambie kitu. Aseme nimepata kazi ya mbali."

"Kaa basi, mama."

"Nikikaa nitashindwa kuinuka, afande. Niache tu nisimame."

Inspekta alimwacha. Kazini Inspekta mwenyewe walimwita Mama Kwa Nini, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Ilikuwa inakaribia saa tano asubuhi, na Mkuu wake alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuulizia jalada. Saa nane mchana lilitakiwa liwe mezani kwa mwendesha mashtaka. Jina la Fundi kama mshtakiwa lilikuwa limeshaandikwa kwa penseli, lilisubiri wino tu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Wanachama wa klabu ile ni watu wazima na akili zao, wenye kazi na familia, ambao siku zao za mapumziko huzimalizia kwenye uwanja wa zamani wa ndege wakirusha roketi walizojiundia wenyewe. Si fataki. Roketi moja ina urefu wa mtu na nusu, kilo tisa, na hupanda mpaka macho yaipoteze. Ikifika juu kabisa, kompyuta ndogo kama kibiriti humo ndani hupeleka umeme kwenye kiwashio, baruti ya kijiko kimoja hulipuka, roketi hukatika katikati kama ilivyopangwa, na parachuti dogo hutoka kuishikilia. Ikikaribia ardhi, baruti ya pili hutoa parachuti kubwa. Roketi hushuka polepole, watu hupiga makofi, kisha huenda kuiokota.

Siku tisa zilizopita hakikutoka kitu. Roketi ilirudi pua chini, ikatoboa turubai la watazamaji, ikamvunja bega na fuvu Bibi Mwavuli, mke wa msimamizi wa usalama wa klabu. Bibi ana miaka sitini na minane. Hajafumbua macho tangu siku hiyo, na akifa shtaka litabadilika jina na kifungo kitarefuka.

Ripoti ya klabu ilikuwa na sentensi nne. Ya mwisho ilisema parachuti halikufunguka kwa sababu ya mkunjo mbaya. Aliyelishona na kulikunja ni Fundi, ambaye hata uanachama hana. Inspekta hakuipenda ripoti hiyo tangu alipoisoma mara ya kwanza. Watu wanaopima baruti kwa gramu, iweje waandike sentensi nne?

"Njoo uangalie," alimwambia Fundi.

Mabaki yalikuwa yamepangwa kwa namba juu ya meza ndefu. Namba sita ilikuwa parachuti kubwa, bado limo ndani ya kitambaa chake cha kulikinga na moto. Fundi aliinama. Alilichungulia kwanza kwa mbali, kisha akasahau woga wake, akalishika.

"Mkunjo wangu huu. Ona kamba zinavyolala, zinakwenda na kurudi, hazizunguki. Zikizunguka zinajisokota." Aligeuza kile kitambaa juu chini. "Halafu ona, bado ni cheupe."

"Kwani kinatakiwa kiweje?"

"Baruti ikilipuka kinaungua, afande. Kinakuwa cheusi na kinanuka. Mimi ndiye ninayevifua, na havitakati hata ufanyeje. Hiki kimetoka kama nilivyokitia."

Inspekta aliwahi kuliona hilo kwenye picha za maabara, lakini alitaka kulisikia kwa mtu mwingine. Alivuta namba tisa na namba kumi, vikombe viwili vya plastiki vidogo kama vifuniko vya chupa, vimezibwa kwa utepe. Alitoboa kimoja kwa ncha ya kalamu. Baruti nyeusi ikamwagika kwenye karatasi, kijiko kizima, kavu.

"Haikulipuka," Fundi alinong'ona. "Zote mbili?"

"Zote mbili. Kwa nini hukusema habari ya kitambaa?"

"Nilisema! Wakaniambia mshonaji aongelee uzi."

Ti-ti. Fundi aliruka, akashika kifua. Ilikuwa saa ya Inspekta, saa ya plastiki aliyonunuliwa na binti yake, ambayo hulia kila saa inapotimia na ambayo hakuna mtu kituoni aliyewahi kujua kuizima. Saa tano kamili.

"Samahani," alisema Inspekta. "Kaa hapo nje kivulini. Usiondoke."

"Niondoke niende wapi?" Fundi alijibu, akabeba begi lake akatoka nalo.

* * *

Mfamasia, mwenye roketi, alikuwa mwembamba, msafi, na alizungumza kama mtu anayekimbizwa. Kabla hajaulizwa swali alishakiri mambo matatu. Kwamba yeye na Fundi waligombana wiki ya ajali, kwa sababu alitaka parachuti dogo zaidi na Fundi akakataa kulishona. Kwamba roketi ilitakiwa iwe na kompyuta mbili, moja ikifa nyingine iokoe, na ya pili aliisahau juu ya kaunta ya duka lake. Na kwamba tangu siku ile halali.

"Ugomvi wenu nimeshausikia," alisema Inspekta. "Ameniambia mwenyewe. Nionyeshe viwashio."

Alikuwa amemwagiza alete pakiti ileile ya siku ya ajali. Kila kiwashio kilikuwa na kichwa kidogo kama cha njiti ya kibiriti na waya mbili nyembamba, zikimetameta rangi ya shaba.

"Unazifungaje kwenye kompyuta?"

"Natia ncha chini ya skrubu, nakaza. Basi."

"Humenyi ganda?"

"Hazina ganda, hizi ni shaba tupu. Si unaona mwenyewe?"

Inspekta alichukua wembe, akaishika waya moja kwenye meza, akakwangua taratibu. Unga laini, mwangavu, ulidondoka kwenye karatasi nyeupe. Akakwangua tena. Chini yake shaba ilikuwa na rangi nyingine, nyekundu zaidi, yenye kung'aa.

Mfamasia aliugusa ule unga kwa kidole.

"Zamani zilikuwa na plastiki nyeusi," alisema. "Unaiona, unaimenya. Hii pakiti ni mpya. Niliifungua Jumamosi ileile." Kijasho chembamba kilimtoka juu ya mdomo. "Zina rangi ya kupakwa. Umeme haupiti. Nimekaza skrubu juu ya ganda. Ee Mungu wangu, ni mimi!"

"Usijihukumu haraka, tuna kazi. Kompyuta ingejuaje kwamba waya hazishiki?"

"Inajua. Ikiwashwa inangoja dakika nzima, ndipo inazipima. Viwashio vyote viwili vikiwa vizima inalia mara tatu, inapumzika, mara tatu tena. Kimoja kikiwa kibovu inalia mara moja au mbili. Vikiwa vibovu vyote, inalia mfululizo, haikomi mpaka uizime."

"Wewe ulisikia nini?"

"Siruhusiwi kusikiliza, afande. Ndiyo sheria yetu. Mwenye roketi anawasha swichi, anaondoka mpaka kwenye kamba, mita mia. Huko nyuma kuna spika na jenereta, husikii kitu. Anayebaki kusikiliza ni Rubani, msimamizi wetu wa usalama. Anasikiliza, anaandika kadi, anatia sahihi, ndipo tunarusha."

"Kwa nini asisikilize mwenye roketi?"

Mfamasia alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Kwa sababu yangu. Mwaka juzi niliapa nimesikia tatu, kumbe ilikuwa moja. Rubani akasema mwenye roketi husikia anachotaka kusikia. Akaandika sheria siku hiyohiyo."

Inspekta alitoa karatasi mbili kutoka kwenye jalada, akaziweka sambamba. Ya kwanza ilikuwa kadi ya siku ya ajali. *Milio: 3.* Sahihi ya Rubani chini yake, safi, haina papara. Ya pili ilikuwa barua ya maabara iliyofika asubuhi ile. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa nzima, nayo ilionyesha kwamba tangu ilipowashwa haikuona kiwashio hata kimoja.

"Kwa hiyo ililia mfululizo," alisema Mfamasia. Alisoma tena. "Haiwezekani. Rubani si mwongo. Halafu, afande, aliyeangukiwa ni mke wake!"

"Ndiyo maana nauliza," alisema Inspekta.

Simu yake ikaita. Mkuu, mara ya tatu. Aliiacha iite mpaka ikachoka.

* * *

Walimwita Rubani kwa utani, kwa sababu hakuwahi kurusha ndege hata moja. Alikuwa fundi wa injini, miaka thelathini na minane kwenye karakana za ndege, na alipostaafu klabu ilimpa kazi ya kusimamia usalama kwa sababu hakuna mwanachama aliyethubutu kubishana naye. Aliingia ofisini mwa klabu wima, shati limepigwa pasi, kofia mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu ya kukesha hospitali.

Kabla ya kuketi alifanya jambo dogo. Alikihamisha kiti chake kutoka upande wa pili wa meza, akakiweka mgongo kwenye dirisha, hivi kwamba mwanga wote ulimwangukia Inspekta usoni.

Huyu mzee anataka kunihoji yeye, Inspekta aliwaza. Akakubali.

"Pole na mgonjwa, Mzee."

"Ahsante, mwanangu. Tumwombee."

"Siku ile ulisikia milio mingapi?"

"Mitatu. Nimeandika."

"Una hakika?"

"Kadi ngapi nimeandika hapa! Uliza mtu yeyote kama nimewahi kukosea."

Inspekta alikuwa ameuliza. Mzee hakuwahi. Miaka minne, kadi mia na zaidi, na kila ilipolia vibaya alisimamisha kazi na kushusha roketi. Inspekta aliinuka, akaenda kwenye ukuta wa picha. Kila siku ya kurusha ilikuwa na picha yake, na kila picha ilikuwa na watu walewale wawili mbele ya roketi: mzee na kadi yake, na kushoto kwake bibi mnene, mfupi, amemshikia mwavuli wa bluu, mkono wa pili umeshika kiwiko cha mumewe. Ndipo bibi wa watu akapewa jina. Wanachama waliwatania kwamba wakongwe wale hawajamaliza fungate. Inspekta alizihesabu. Picha kumi na nne, miavuli kumi na nne.

Picha ya siku ya ajali haikuwa ukutani, ilikuwa kwenye jalada. Aliikumbuka vizuri. Rubani kasimama kwenye reli ya kurushia, jua la utosi, kofia imemziba nusu uso. Peke yake.

"Mbona siku ile Bibi hakukushikia mwavuli?" aliuliza, uso bado ukutani.

Mzee hakujibu. Inspekta alisubiri. Aliona pengine amemgusa kidonda, akaona haya kidogo.

Ti-ti.

Saa sita kamili. Kule nje, kwenye benchi la kivulini, Fundi aligeuka kuangalia dirishani. Mfamasia aliyekuwa mlangoni naye akageuka. Inspekta alikuwa ameshageuka yeye mwenyewe, na alimwona Rubani wazi kabisa. Mzee alikuwa akipangusa vumbi kwenye ukingo wa kofia yake, hatua mbili tu kutoka kwa ile saa. Hakuinua macho wala hakukunja kope.

Aliinua kichwa pale tu kivuli cha Inspekta kilipomfikia.

"Ulikuwa unasema?" aliuliza.

"Hapana, Mzee," alisema Inspekta. "Nilikuwa natazama picha tu. Nakuomba twende uwanjani. Unionyeshe mnavyofanya, hatua kwa hatua."

* * *

Saa saba kasoro robo jua lilikuwa juu ya utosi na upepo umelala. Mfamasia alisimamisha bomba tupu la roketi kwenye reli. Ndani yake alikuwa ametia ile kompyuta ya pili, ile aliyoisahau dukani siku ile na leo ameileta, bila baruti, bila kiwashio hata kimoja. Inspekta alimwambia atakachofanya dakika tano tu kabla, faragha nyuma ya ghala, na tangu hapo Mfamasia alikwepa macho ya mzee.

Fundi alisimama hatua kumi kutoka kwenye reli, begi begani. Hakujua anasubiri nini. Alichojua ni kwamba saa nane haiko mbali.

"Fanya kama kawaida, Mzee," alisema Inspekta.

Mfamasia aligeuza swichi, akarudi nyuma haraka, wakangoja ile dakika ipite.

Iiiiiiiiii. Mlio mwembamba, mkali, ukatoka kwenye bomba. Haukupanda, haukushuka, haukukoma. Fundi alikunja uso, akaziba sikio moja kwa kiganja.

Rubani alilisogelea bomba, akainamisha kichwa, sikio karibu na kitundu. Alikaa hivyo kwa makini, kama alivyokaa mara mia. Kisha Inspekta akamwona anageuza macho kushoto, kidogo tu, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Kiwiko chake cha kushoto kilikuwa kimeachana na ubavu, kimeacha nafasi ya mkono kupita. Alisubiri. Alimtazama Mfamasia, na Mfamasia akatazama chini.

Mzee alichomoa kalamu. Akaandika, akatia sahihi, akamletea Inspekta kadi.

*Milio: 3.*

Iiiiiiiiii.

Inspekta aliisoma kadi. Alimgeukia Fundi. "Wewe unasikia nini?"

"Inalia tu, afande," alisema Fundi. Alimtazama mzee, akaitazama kadi. "Bado inalia. Haijanyamaza hata mara moja."

Rubani alikuwa akifuata midomo yao, kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Alivua kofia.

"Ililia ngapi?" aliuliza.

Inspekta alisogea mbele yake, uso kwenye mwanga. "Haikulia kwa hesabu, Mzee. Inalia mfululizo. Hata sasa hivi."

Mzee aliligeukia lile bomba, akalitazama kana kwamba angeuona ule mlio ukitoka. Mfamasia alikwenda akazima swichi. Kwa Rubani hapakubadilika kitu.

"Walianza kunyamaza ndege wa mitini," alisema hatimaye. "Nikadhani wamehama. Sauti nene nazipata, nyembamba zimeniacha. Injini zilinimaliza, mwanangu. Bibi ndiye aliyegundua. Akasema usimwambie mtu, watakunyang'anya kazi na wewe utakufa kwa kukaa nyumbani. Tukafanya hivyo. Yeye anasimama hapa na mwavuli wake. Ikilia, ananifinya mkono. Akinifinya tatu naandika tatu. Akinifinya moja nasema shusheni. Miaka minne hatukukosea."

"Na siku ile?"

"Tuligombana garini. Alisema ameanza kuogopa. Niende kwa daktari wa masikio, la sivyo hanishikii tena mwavuli. Nikamwambia basi nenda kakae turubai na wenzako." Aligeuza kofia mikononi. "Nilimpeleka mimi chini ya lile turubai, kwa mdomo wangu. Halafu nikaja hapa nikasimama, watu wote wananitazama, nikajiambia, kwani si kila siku huwa tatu?"

"Na ripoti?" aliuliza Inspekta. "Mkunjo mbaya?"

"Mimi sikumtaja Fundi."

"Hukuhitaji kumtaja. Ulisema milio mitatu, basi. Waliobaki wakatafuta pa kutupia zigo."

Rubani aliichukua kadi mkononi mwa Inspekta. Aliikunja mara mbili, akaikunjua, akamrudishia. Fundi alikuwa akilia kimyakimya, kamba ya begi imemkata begani, na hakuonekana kama anajua analia kwa hasira au kwa kupona.

Inspekta alitoa simu yake, akampigia Mkuu. Hakumpa nafasi ya kufoka. "Lile jina la penseli lifute," alisema. "Ndiyo, nina ushahidi. Ndiyo, na kadi mbili zenye sahihi yake. Nakuja naye mwenyewe." Alimgeukia mzee. "Utafuatana nami kituoni, baba. Taratibu tu. Hakuna pingu."

"Sawa, mwanangu."

Walikuwa wameanza kutembea kuelekea garini pale simu ya Rubani ilipotetemeka kwenye mfuko wa shati, juu ya moyo, mahali alipoiweka siku zote. Hiyo aliihisi. Aliitoa akaona namba ya hospitali, akasimama. Aliishikilia mbele yake bila kuipokea. Alimtazama Mfamasia, akamtazama Inspekta. Kisha akainyoosha kwa Fundi.

"Nisikilizie, mwanangu," alisema. "Yule nesi sauti yake nyembamba. Simpati."

Fundi hakusogea. Simu ilitetemeka mara ya nne, mara ya tano. Hapo Fundi alishusha begi la rumande chini kwenye vumbi, akaipokea.

"Haloo. Ndiyo, ni simu yake. Hapana, mimi si mwanawe. Yupo hapa. Lini?" Alifumba macho. "Kasema nini? Rudia, dada, rudia polepole."

Mzee alikuwa akiitazama midomo yake, na midomo ilikuwa imenyamaza, haikumpa kitu.

Fundi alikata simu. Alizunguka akaja kushoto kwa mzee, akamshika mkono juu kidogo ya kiwiko, akasubiri mpaka alipomgeukia. Akasema kwa sauti kubwa, neno moja moja.

"Ameamka. Anauliza jua lote hili leo nani amekushikia mwavuli."